Msogeze Kidogo

Neno ninalolichukia kuliko yote katika Kiswahili ni "kidogo". Kila siku, tangu niwashe kompyuta hadi nivute mlango wa chuma, kuna mtu amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, ananipumulia shingoni, ananiambia nisogeze kitu kidogo. Sogeza jina kidogo. Shusha huo mwezi kidogo. Huyu bwana harusi mpandishe kidogo, mbona kama amezama? Nasogeza. Basi mtu huyo atanyamaza, atainamisha kichwa upande huu, atainamisha upande ule, kisha atasema, "Hapo umezidisha. Rudisha kidogo."

Duka langu liko Ukunda, kando ya barabara inayoteremka kwenda Diani, kati ya muuza magodoro na kinyozi. Nachapisha kadi za harusi, mabango, menyu za hoteli, vyeti vya madrasa, na karatasi za vijana wa ufukweni wanaopeleka wageni kuona pomboo. Kazi si mbaya. Inachosha tu, tena inachosha kwa namna ambayo huwezi kumweleza mtu akakuhurumia, kwa sababu anakuona umekaa. Macho yanakauka, mgongo unakaza, na mkono wangu wa kulia umenigomea kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Daktari aliniambia niupumzishe. Nikamuuliza niutundike wapi wakati nafanya kazi. Akacheka, akaniandikia dawa ya kupaka.

Kwa sababu ya mkono huo niliacha kuburuta vitu kwa mausi, au kipanya, kama inavyoitwa vitabuni, nikahamia kwenye vitufe vya mishale. Wasioijua kazi hii hudhani kitu hufikishwa mahali pake kwa kuburutwa. Kuburuta hukikaribisha tu. Kukifikisha ni kazi ya mshale. Ukibonyeza mshale wa kulia, kitu kinapiga hatua moja kulia. Ukibonyeza wa juu, kinapanda hatua moja. Na ukubwa wa hatua hiyo hautegemei nguvu ya kidole chako. Ndani kabisa ya programu, kwenye mipangilio, kuna kijisanduku cha kuandika tarakimu, na tarakimu utakayoiandika humo ndiyo hatua yenyewe. Andika kubwa, kitu kitaruka kama panzi. Andika ndogo, kitatambaa. Andika ndogo kupita kiasi, utabonyeza mpaka kidole kife ganzi. Kitu kitakuwa kinakwenda, lakini hakuna jicho la binadamu litakaloona kwamba kimekwenda.

Aliyeitengeneza programu aliacha hatua yake humo, lakini ile ni hatua ya mtu asiyewajua wateja wangu. Mimi nina zangu. Ya mabango ni kubwa, maana bango la kufungwa langoni mwa hoteli ukilisogeza kwa hatua ya kadi utazeeka. Ya kadi na picha ni ndogo. Na kuna ya tatu, ambayo nimeipa jina mwenyewe. Naiita hatua ya stara.

Niliigundua kwa bahati. Bwana mmoja aliyekuwa akigombea udiwani alileta kazi ya bango, yeye na mkubwa wake wa chama wamesimama bega kwa bega. Alitaka kichwa chake kiwe juu kidogo, ila kisimpite mkubwa. Nikakipandisha, akasema kimempita. Nikakishusha, akasema sasa anaonekana kama mtoto anayesindikizwa shule. Tukaenda hivyo, juu, chini, juu, mpaka adhana ya adhuhuri ikaanza na ikaisha. Nikaingia kwenye kijisanduku nipunguze hatua, na kwa kuchoka nikaandika sifuri nyingi baada ya nukta kuliko nilivyokusudia. Nikabonyeza. Kichwa hakikusogea, au kilisogea kwa kiasi wanachokiona malaika peke yao. Bwana yule akajipiga paja. "Hapo! Hapo hapo! Umeona kilivyokuja?" Nikamwambia nimeona.

Tangu hapo, mteja akinichosha, huandika zile sifuri zangu, nikabonyeza kwa heshima zote, nikangoja. Kijana wa bara mwenye duka kama langu upande wa pili wa barabara ana njia yake. Yeye humwambia mteja usoni, "Hiyo iko sawa, bosi, wacha tuchape twende." Siwezi. Mimi nililelewa kwamba neno "haiwezekani" ni la mwisho kabisa, na kabla yake yako mengine mengi: haya, inshallah, hebu tutazame, tutajaribu. Mteja anataka nisogeze, nitasogeza. Anataka aone kimesogea, ataona. Tutaagana kila mtu na heshima yake mkononi. Ndiyo maana nikaiita ya stara, na wala sioni haya.

Isitoshe, ndivyo tunavyoishi. Hapa kwetu ukimuuliza mtu habari, ni njema. Mkute amelazwa, mrija mkononi, umwambie hujambo, atakwambia sijambo, alhamdulillahi. Siku moja nilipigiwa simu na jamaa yangu wa Msambweni. Tukasalimiana vizuri. Habari za watoto, njema. Za kazi, njema. Za nyumbani, njema. Za tangu juzi, njema, ila mzee amefariki alfajiri. Sikumshangaa. Nami ningeanza na njema.

Mama yangu kwa hilo ni bingwa. Anakaa Mwabungo, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, na miaka nenda miaka rudi amekuwa akiuza mahamri na mbaazi hapo mlangoni pake asubuhi. Ana sukari. Imekuwa naye muda mrefu, na sukari ina tabia ya kwenda machoni. Kliniki walimwambia asikose kupimwa macho, kwa sababu jicho likishaharibiwa na sukari halirudi. Kinachowezekana ni kuwahi kilichobaki. Kila wiki nilipokwenda kumtazama nilimuuliza, "Mama, macho?" Naye alinijibu, "Hayajambo, alhamdulillahi. Wamenikataza maembe tu." Nikawa naridhika. Mtu aliyechoka huridhika upesi.

Yeye kilichomkosesha raha, kwa maneno yake mwenyewe, ni ndugu yangu. Huyo ni kitinda mimba wake, yuko Arabuni, anaendesha malori. Aliondoka akisema ni mkataba mmoja tu, na mkataba ukazaa mkataba. Kila Idi alikuwa aje. Hupiga simu Ijumaa baada ya swala, na mama humsikia sauti tu, kwa kuwa simu ya mama ni ile ya vitufe, haina picha wala haitaki kujua picha. Picha zake za utotoni mama alikuwa nazo. Nyingine ilikuwa ya kitambulisho, ambamo ndugu yangu amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Lakini picha yake akiwa mtu mzima, amesimama na mama yake, haikuwapo duniani. Basi ikawa ndiyo nyimbo. Kila nikienda: "Nataka nimwone mwanangu kando yangu, kabla Mungu hajanichukua. Nimwone tu." Nikamwambia asubiri kidogo hiyo safari ya kuchukuliwa. Kutia watu kwenye picha ndiyo kazi yangu, nitamtia.

Na kweli ni kazi ninayoifanya sana. Sebule nyingi kutoka Ukunda hadi Msambweni zimetundika ukutani watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja. Waume walioko melini, mabinti walioko Arabuni, marehemu. Inataka akili kuliko macho. Niliwahi kumtia bwana mmoja kwenye picha ya harusi ya shemeji yake, na mahali palipokuwa wazi palikuwa kando ya mama mkwe wake, nikamsimamisha hapo, begani kabisa. Picha ikarudi siku hiyo hiyo, imeletwa na akina mama waliovaa nyuso za msiba. Eti nimemvunjia heshima mtu mzima. Mtu na mkwewe hawasimami hivyo, hata kwa uongo wa kompyuta. Nikamwondoa pale, tena kwa hatua ya mabango.

Kwa mama nilichagua picha tuliyopigwa kwenye harusi ya binti wa khalati, dada yake mama. Mama amekaa kwenye kiti, amevaa buibui jipya. Mimi nimesimama upande mmoja wa kiti. Upande wa pili ni pazia la ukumbi, tupu, kama lililokuwa likimngoja mtu. Nikamwandikia ndugu yangu anitumie picha ya mwili mzima. Akanitumia moja amesimama mbele ya lori lake, amevaa fulana ya kazi ya rangi ya chungwa, zile za kuonekana na magari gizani, jua la huko limempiga usoni. Na amefuga ndevu. Si ndevu za mchezo. Nyeusi, nzito, zimemteremkia kifuani. Sikuwa na habari nazo kabisa. Alipoondoka hapa kidevu chake kilikuwa laini kama cha binti.

Nilizitukana ndevu zile. Anayefanya kazi hii anajua kwamba hakuna kitu kigumu kukikata kama nywele. Fulana unafuata ukingo wake unamaliza. Ndevu ni unywele kwa unywele, na nyuma ya ndevu zenyewe palikuwa na pua ya lori, nyeusi vilevile. Nilimkata ndugu yangu kati ya mteja na mteja, mkono ukiniuma, stima ikipotea na kurudi. Kuna saa nilifikiri kumnyoa. Ningeweza, ni kazi ya dakika. Lakini nikasema mama anataka amwone mwanawe, si mwana niliyemtengeneza mimi, nikaendelea na unywele wangu mmoja mmoja. Alipokuwa tayari nikamwita mama aje dukani aseme asimame wapi.

Alikuja asubuhi kwa tuktuk. Dereva alimshika mkono, akamvusha mtaro, akamfikisha mpaka kizingitini, nami nikasema moyoni, huyu dereva ana malezi. Mlangoni pangu kuna bango la kusimama la yule mgombea udiwani, urefu wa mtu. Hakuja kulichukua tena baada ya kushindwa. Mama alipofika mbele yake alisimama, akasema kwa sauti ya adabu, "Asalaam aleikum, bwana."

Nilicheka hadi kiti kikalia. Mama alipinda shingo, akakisikiliza kicheko changu, kisha naye akacheka. "Si mgeni wako?" akasema. "Nimemwamkia."

"Mgeni huyo haketi wala haondoki. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Miguu?"

"Haijambo."

"Macho?"

"Alhamdulillahi."

Akakipapasa kiti cha plastiki kwa kiganja, kama wafanyavyo watu wazima, akaketi nyuma yangu mahali pa wateja. Nikafungua picha, nikaikuza ikajaa skrini nzima.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Huyu hapa, mama. Amesimama karibu na pazia."

"Aa. Mashallah. Amenenepa?"

"Kiasi."

"Si nilisema. Wali wa huko ni mafuta matupu." Akavuta kiti mbele. "Msogeze kidogo. Yuko mbali nami."

Nilikuwa na hatua ile ya picha, ile ndogo. Nikabonyeza mshale wa kushoto, nikabonyeza, nikabonyeza, na ndugu yangu akaanza kumwendea mama yake, viatu vyake vya kazi vikiteleza juu ya zulia la harusi.

"Hapo?"

"Bado. Kidogo tena."

Mkono wake ukaligusa bega la mama. "Hapo?"

"Bado, mwanangu."

Nikaendelea. Nusu ya fulana ikaingia juu ya buibui. Ndugu yangu sasa alikuwa amemwangukia mama yake kama ajali ya barabarani, na mama nyuma yangu anasema bado. Nilidhani naelewa. Mama ambaye hajamwona mwanawe muda wote huo, ni ukaribu gani utakaomtosha? Nikamwonea huruma. Chini ya huruma kulikuwa na hasira pia, sitaki kujisafisha, kwa maana asubuhi ilikuwa inakwenda na kazi za watu zimelala.

"Mama, akisogea tena atakukalia mapajani."

"Na akae. Kwani hakuwa akikaa?"

Nikamrudisha mpaka mahali ambapo mkono wake unaligusa tu bega la mama. Hapo ndipo aliposimama mlangoni meneja wa hoteli moja ya huko Diani, mtu wa bara, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni. "Madam, ile bana ya geti vipi? Bosi anasema logo isonge kushoto kiasi, haikai poa, na wageni wanaingia leo."

Nikamwomba mama radhi. Nikafungua bango la hoteli, nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika hatua ya mabango, nikaisogeza ile nembo kushoto mpaka meneja akasema poa. Akatoka nje kungoja kwenye gari. Mimi nikarudi kwenye picha ya mama. Hatua sikuibadilisha. Uchovu ndio huo. Kazi yenyewe huwezi kuisahau; unachosahau ni kitu kidogo kilicho kati ya kazi na kazi.

"Haya, mama. Tulikuwa tunamsogeza."

"Mara moja tu sasa," akasema. "Nimekuchosha."

Nikabonyeza mshale wa kushoto mara moja.

Ndugu yangu akatoweka. Aliruka juu ya mama, akaruka juu yangu, akatokea upande wa pili nje kabisa ya skrini. Tukabaki mama na mimi na pazia tupu. Kabla sijamaliza kusema astaghfirullah, mama akasema nyuma yangu:

"Hapo. Hapo hapo, mwanangu. Sasa amekaa pazuri, mashallah."

Sikugeuka. Nililitazama pazia lile, na sauti ile ya mama nikaitambua. Ndiyo sauti ya wateja wangu wote, wakisifu hatua ambayo haikupigwa. Ila wateja wangu huwa angalau wanakiona kichwa. Mama alikuwa amesikia kitufe kimelia, basi. Tangu asubuhi alikuwa akikisikiliza kitufe, na akinisikiliza mimi nilivyochoka, akakadiria ni wakati gani wa kuniachilia. Nikamkumbuka dereva wa tuktuk. Nikakumbuka kiti kilivyopapaswa. Nikalikumbuka bango la mlangoni likipewa salamu, nami nikicheka. Hofu ikanishika.

"Mama," nikasema. "Amevaa rangi gani?"

Nikasikia kiti chake kikivutwa mbele.

"Kijani," akasema. "Shati lile nililomnunulia."

Rangi ya chungwa ile, mtu aliye ng'ambo ya barabara angeiona. Nikamgeukia.

"Tangu lini?"

Hakuuliza tangu lini nini. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, anaikunja na kuikunjua. "Tangu Ramadhani. La kushoto lilizimika lenyewe, wala halikuuma. Hili jingine lina moshi katikati."

"Na kliniki?"

"Sikwenda."

"Ulisema hayajambo!"

"Uliniuliza mbele za watu, nimetia mahamri mafutani. Ulitaka nikujibu nini?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mama, kwamba ni mkaidi, kwamba anataka nije nimwongoze kwa fimbo, kwamba hii ndiyo shukrani yake. Meneja alichungulia, akarudi garini. Mama alikaa na uso wake umeelekea pale sauti yangu ilipokuwa, akaningoja nimalize.

"Wangeniambia halirudi," akasema. "Na wakishasema, limekuwa. Nikasema nduguyo aje kwanza, nimwone, halafu waseme watakalo."

"Alikuwa aje lini?"

"Idi."

"Idi ipi, mama?"

Akaendelea kuikunja ncha ya mtandio. Hasira yangu ikaisha kwa kukosa wa kuipokea, ikabaki ile hofu peke yake. Nilimfikiria ameketi mlangoni pake, anageuza mahamri kwa kuyasikiliza, anawajibu wapita njia kwamba hajambo, huku ile nafasi ya kumwona mwanawe inajifunga polepole katikati ya jicho lake. Na yeye anaipigia hesabu ya Idi.

Meneja nilimpa bango lake lilivyo. Nikavuta mlango wa chuma mchana kweupe, jambo ambalo sina kawaida nalo, nikampeleka mama hospitali. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Alisalimiana na kila aliyeketi karibu yetu, na wote, pamoja na vidonda vyao na homa zao, walikuwa hawajambo.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mpole, akamtia mama matone, akammulika, akammulika tena. Kisha akatueleza. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia, katikati pameharibika na hapatatengenea, lakini pembeni pamebaki, na kwa sindano za jicho na kuishika sukari vizuri huenda pakabaki hivyo. Huenda. Hakuahidi. Akamwambia mama kwamba kuanzia sasa akitaka kukiona kitu asikitazame chenyewe. Atazame kando yake, na kitu kitaingia kwa pembeni.

"Yaani uzeeni niwe natazama watu kijicho?" mama akauliza.

Daktari akacheka. Mimi sikuweza.

Ilipita muda kabla sijaifungua picha tena. Kulikuwa na sindano, na safari, na mkono wangu, na wateja hawakuacha kusema kidogo. Siku nilipoifungua ndugu yangu alikuwa bado nje ya skrini, alipokuwa ameruka. Nikarudisha hatua ile ndogo, nikamleta kwa mishale, taratibu, mpaka mkono wake ukaligusa bega la mama, nikamwacha hapo. Lakini nikiitazama picha nzima niliona haifai. Watu watatu na pazia, kila uso ukubwa wa kikombe hata nikiichapa kubwa. Kwa jicho la pembeni huo ni ukungu. Basi nikajitoa mimi. Nilijikata nikajifuta, nikaivuta picha wakabaki wawili, yeye na mwanawe, kuanzia kifuani kwa mama kwenda juu. Mimi ananisikia kila wiki, nafikiri hiyo inamtosha. Nikaichapa kwenye turubai la mabango, pana kama mlango, nikaipigia fremu ya mbao.

Nikaipeleka Mwabungo alasiri ya Ijumaa. Mama alikuwa ameshaongea na ndugu yangu kwenye simu, mkataba umeongezwa. Alinipa habari hiyo baada ya kunipa zote nyingine zilizo njema. Nikamketisha kwenye kochi lake, nikapanda juu ya stuli, misumari mdomoni, nyundo kwapani, nikaibandika fremu ukutani kwa viganja vyote viwili.

"Kulia kidogo," akasema.

Nikasogea na stuli yangu.

"Kidogo tena."

Nikasogea tena. Mkono ulikuwa unaniwaka hadi begani, na nilijua kitakachotokea. Atanihurumia. Atasikia ninavyopumua, atasema hapo, mashallah, nami nitapigilia msumari, na itatundikwa picha ambayo wageni ndio watakaoiona.

"Mama," nikasema kwa meno yaliyouma misumari, "leo nataka kweli. Usiniambie hapo kama si hapo."

"Teremsha," akasema. "Kidogo."

Nikateremsha. Nikamtazama kwa upande wa bega. Hakuwa anaitazama picha. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlango wa jikoni, shingo imekaza, kama mtu anayesikiliza chungu kisifurike. Akakigeuza kichwa hatua moja zaidi. Akakirudisha. Akakituliza hapo, nami nikaishika fremu isitikisike.

"Hee," mama akasema kuuambia ule mlango wa jikoni. "Huyu mtoto amefuga ndevu tangu lini? Na wewe hukuniambia!"

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikatoa msumari mdomoni nikaupigilia hapo hapo, na pigo la pili nikajigonga kidole, maana na mimi sasa nilikuwa sioni vizuri.